Wazo Likishashinda, Nani Atalibeba?

Saa moja kasoro asubuhi mama lishe alikuwa ameshawasha majiko mawili. Chai tayari, maharage yanatokota. Jiko la tatu alilitenga kwa ajili ya wageni wake, wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha Dar es Salaam waliokuwa wametoka kushinda shindano la mawazo ya maendeleo endelevu. Walikuja na kiroba cha mkaa mbadala walioutengeneza wenyewe kwa vumbi la mkaa, maranda na uji wa muhogo wa kushikisha. Mimi nilikuwa mlezi wao, na siku hiyo nilijifunza kama wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Ila mjue saa sita wateja wangu hawasubiri."

Mkaa ule ulichukua muda kushika moto. Ulipokolea ulikuwa na joto la utulivu, lisilo na moshi, kama walivyoandika kwenye andiko lao. Mama akabandika wali. Wali wa mama lishe unataka moto mkali mwanzoni, na maji yakikauka unapunguza makaa chini, unapalia mengine juu ya mfuniko ili punje za juu ziive. Moto mkali haukupatikana. Alipochukua kibanio apalie, vipande vikamomonyoka, majivu yakaenea juu ya mfuniko na mengine yakaingia sufuriani. Alipomaliza alifanya kama afanyavyo kila siku, akanyunyizia makaa maji ili ayaanike na kuyatumia jioni. Mkaa wa mti ukizimwa hivyo unabaki mkaa. Huu wa wanafunzi ulirudi kuwa uji.

Kwenye andiko lao la kurasa kumi na mbili palikuwa na hekta za misitu zitakazookolewa, tani za hewa ukaa na jedwali la faida kwa miaka mitano. Neno "kupalia" halikuwamo. Majaji hawakuliuliza, na hata mimi niliyelisoma andiko lile kabla halijawasilishwa sikuliuliza.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaingia kwenye mashindano ya aina hii sasa, na wazazi na walimu wanauliza ni kitu gani hasa. Ni elimu? Ni biashara? Ni bahati nasibu ya kupata safari ya Ulaya? Nimekaa pande zote mbili za meza, ya walezi na ya majaji, na naona kuna mambo yanayochanganywa ambayo yakitenganishwa yanaeleweka bila taabu.

Tuanze na neno lenyewe. "Maendeleo endelevu" lilipata maana inayotumika leo mwaka 1987, katika ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway. Kwa ufupi ilisema ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwezi Septemba 2015 mataifa 193 yakapitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, malengo 17 yenye shabaha 169 ndani yake, mwisho wake 2030. Yalichukua nafasi ya malengo 8 ya milenia, ambayo yalizihusu zaidi nchi maskini. Haya mapya yanazihusu nchi zote, tajiri na maskini.

Ukiyapanga ukutani kwa rangi zake yanapendeza, kila lengo na kiboksi chake. Ugumu unaanza ukiyashusha mtaani, maana yanavutana. Chukua huohuo mkaa. Miti ya miombo inakatwa ili Dar es Salaam ipike, kwa hiyo lengo la misitu linasema acha. Lakini anayekata na kuchoma tanuru huko kijijini anasomeshea watoto kwa gunia hilo, na lengo la kuondoa umaskini linamhusu yeye. Anayepika anavuta moshi, hapo afya inaingia. Bei ya gesi ikipanda anarudi kwenye mkaa kwa sababu mkaa anaupima kwa kopo, kwa hela aliyonayo mkononi asubuhi ile. Januari 2006 serikali ya Tanzania iliwahi kupiga mkaa marufuku, na amri ile haikudumu zaidi ya wiki chache. Safari hii imeanza kwa njia nyingine: taasisi zinazohudumia watu zaidi ya mia moja zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi mwaka huo wa mwisho.

Fundo la namna hiyo halifunguliwi na mtu wa fani moja. Mhandisi ataona joto na majivu, mchumi ataona bei, mwanafunzi wa sosholojia ndiye pengine ataona kupalia. Hii ndiyo sababu mashindano haya yanadai timu. Shindano la Wege Prize la Michigan, Marekani, linalohusu uchumi rejeshi, yaani taka za huyu ziwe malighafi ya yule, linataka timu ya watu watano wa fani mbalimbali. Geneva Challenge ya Uswisi, iliyoanza 2014, inapokea timu za wanafunzi wa uzamili, watu watatu hadi watano, na kila mwaka inatoa mada moja, kama vile uhamiaji, ajira, mabadiliko ya tabianchi au afya. Nimeona timu za wahandisi watupu, marafiki wa chumba kimoja cha hosteli, wakibishana kwa wiki tatu juu ya umbo la tundu la hewa kwenye jiko, na hakuna hata mmoja aliyejua jiko la kawaida linauzwa shilingi ngapi pale Manzese.

Hapa ndipo penye mkanganyiko wa kwanza. Watu wanasema "mashindano ya ubunifu" kana kwamba yote ni ya namna moja, kumbe yako makundi yasiyofanana, na andiko linaloshinda huku linaanguka kule. Geneva Challenge inapima uchambuzi: umelielewa tatizo kwa kina gani, umesoma nini, pendekezo lako linasimama juu ya ushahidi gani. Hult Prize, iliyoanza 2010 na inayotoa dola milioni 1 kwa timu moja, inataka biashara, kampuni itakayouza kitu, ipate faida, na kwa kuuza huko itatue shida ya jamii. Halafu yapo ya sayansi. Young Scientists Tanzania, ambayo maonyesho yake ya kwanza yalifanyika 2012, inawapokea wanafunzi wa sekondari wanaofanya kazi wawili wawili chini ya mwalimu, na pale kinachopimwa ni uchunguzi: swali lako lilikuwa nini, ulipimaje, umepata nini. Na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza Tanzania 2019, yanakaribisha hata fundi ambaye hajakanyaga chuo. Mwanafunzi anayepeleka jedwali la faida la miaka mitano kwenye shindano la sayansi anajionea mwenyewe majaji wakigeuza kurasa.

Utaratibu wenyewe haufichiki. Mada inatangazwa, timu inaandika andiko fupi, mchujo unafanyika, waliobaki wanapewa walezi, wanaandika kwa kirefu, wanachujwa tena, wa mwisho wanasimama mbele ya majaji kwa dakika chache na kujibu maswali. Karatasi ya jaji ina vipengele vinavyojirudia: tatizo limeelezwa vizuri kiasi gani, wazo ni jipya, linatekelezeka, litanufaisha watu wangapi, litadumu bila msaada, timu inaweza. Kuna kipengele kimoja nataka nikae nacho kwa sababu ndicho kinachopotosha wengi. Ni kile cha kukua, kwamba wazo liweze kutoka kijiji kimoja likafika vijiji elfu. Lengo lake ni zuri, maana tatizo la watu milioni halitatuliwi na mradi wa kaya ishirini. Ila kwa sababu kina alama nyingi, mwanafunzi wa miaka ishirini na moja ambaye hajamuuzia mtu hata kilo moja ya mkaa anaandika kwamba mwaka wa tatu atakuwa na wateja laki tano. Hadanganyi. Amejaza kisanduku alichoambiwa ajaze. Shida ni kwamba akishayaandika anaanza kuyaamini.

Nitatoa mfano wa wazo zuri sana, na linahusu barabara zetu. Mwaka 2016 Hult Prize ilinyakuliwa na timu ya wanafunzi wanne wa Earlham College, chuo kidogo cha Richmond, Indiana, mmoja wao akiwa Mkenya. Wazo lao liliitwa Magic Bus Ticketing. Mada ya mwaka ule ilikuwa watu wa miji yenye msongamano, na wao waliangalia abiria wa Nairobi. Abiria anasimama kituoni bila kujua gari litakuja lini, mvua ikinyesha nauli inapanda, anachelewa kazini. Walipendekeza abiria atumie simu yoyote, hata ya kitochi, kwa ujumbe mfupi tu bila intaneti, ajue basi liko wapi na akate tiketi mapema. Walikwenda Nairobi wakajaribu kabla ya fainali. Wakapata milioni ile New York.

Aliyewahi kupanda matatu anajua kwamba ndani ya wazo hilo amekaa mtu ambaye hakuwa ukumbini. Ni makanga. Dereva na makanga wengi hawalipwi mshahara. Mwenye gari anawapangia kiasi cha kuleta kila jioni, Dar tunaita hesabu, na kinachozidi baada ya mafuta ndicho chao. Humo humo kuna cha deiwaka aliyeshika gari nusu siku, cha mpiga debe wa kituoni, na cha njiani ambacho kila abiria anakijua na hakiandikwi popote. Yote hayo yanakwenda kwa noti na sarafu, hapo hapo. Ukileta tiketi ya simu, pesa inapita juu ya mkono wa makanga na kutua kwa mwenye gari. Umemrahisishia abiria, umempa mwenye gari hesabu safi, na umemwondolea riziki yule ambaye ndiye utamtegemea awaambie abiria watumie simu.

Kenya ilikuwa imeshaliona hilo kabla. BebaPay, kadi ya nauli ya Google na benki ya Equity, ilizinduliwa 2013 na kufungwa 2015. Serikali nayo ilitoa amri kwamba kuanzia Julai 2014 nauli za matatu zilipwe bila fedha taslimu, tarehe ikasogezwa, na noti zikaendelea kupita kutoka kiti hadi kiti. Teknolojia ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokuwa hakijapangwa ni mgawo wa jioni.

Kwa hiyo siku hizi timu ikinijia na wazo, kabla sijauliza nani atafaidika nauliza nani atapoteza, na atafanya nini akipoteza. Wanafunzi wanashtuka. Wengine wanaona kama ninawavunja moyo. Lakini swali hilo likijibiwa mapema linabadilisha wazo lenyewe: labda makanga awe wakala wa tiketi na apate asilimia yake, labda mwenye gari aanze kulipa mshahara, labda tuanze na njia ambazo tayari zina Sacco, yaani ushirika wa wenye magari, yenye nguvu juu ya wanachama wake. Kila jibu linaleta mradi tofauti kabisa.

Nije kwa timu iliyofika mbali, kwa sababu safari yake inaonyesha kazi inavyobadilika baada ya makofi. Mwaka 2011 wanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walishinda shindano la mipango ya biashara la chuo chao, lenye zawadi kuu ya dola 100,000, kwa wazo la vyoo vya Mukuru, Nairobi. Waliita Sanergy. Mukuru, kama mitaa mingi iliyojengeka bila mpango, wakati ule haikuwa na bomba la maji taka. Ploti moja yenye vyumba kadhaa inashirikia choo kimoja cha shimo, shimo likijaa linamwagwa mtoni usiku, na usiku huo huo wapo wanaojisaidia kwenye mfuko wa plastiki na kuutupa kwa sababu kutoka nje gizani ni hatari, hasa kwa wanawake.

Wazo lao liliunganisha mambo matatu yaliyokuwa yakitazamwa mbalimbali. Kwanza choo kidogo cha zege, Fresh Life, kisicho na shimo: kinyesi kinaingia kwenye chombo kinachofungwa, mkojo kwenye kingine. Pili ukusanyaji, kijana anayepita mara kwa mara, anatoa chombo kilichojaa, anaweka kisafi, anasukuma mkokoteni kwenye vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Tatu kiwanda, kinyesi kigeuzwe mbolea. Mwenye choo alikuwa mkazi wa hapo hapo, anakinunua na kuwatoza wateja shilingi chache kila wakiingia. Ukiangalia kwa macho ya jaji ni mduara uliofungika: usafi, ajira, mbolea kwa mkulima.

Kisha likaja zoezi la kuuendesha. Choo cha kulipia kila unapoingia kinamfaa mpita njia. Mama mwenye watoto wanne hawezi kulipia kila mtoto kila mara, na usiku kimefungwa. Polepole mkazo ukahamia kwa wenye ploti, ili choo kiwe ndani ya ua wa wapangaji, funguo wanayo, gharama inaingia kwenye kodi. Kiwanda nacho kikabadilika. Pamoja na mbolea wakaanza kufuga nzi askari mweusi, ambaye mabuu yake hula taka na kunenepa, yakikaushwa yanakuwa chakula cha kuku na samaki chenye protini nyingi. Na kinyesi peke yake hakikutosha kulisha kiwanda, wakaanza kupokea mabaki ya sokoni na ya viwanda vya vyakula. Mwishowe kazi mbili zilitengana: Fresh Life ikabaki huduma ya usafi isiyo ya kibiashara, na upande wa mbolea na malisho ukawa kampuni iitwayo Regen Organics.

Huko kutengana wengine wanakuona kama kushindwa. Mimi naona ni uungwana wa mahesabu. Andiko la mwanzo lilikuwa na tumaini kwamba mbolea italipia vyoo. Lakini kusukuma mkokoteni kichochoroni kila siku ni gharama ya afya ya jamii, kama ilivyo gharama ya bomba la maji taka mitaa ya matajiri, ambayo hakuna anayeitegemea ijilipe kwa kuuza mbolea. Kulijua hilo kulichukua miaka ya kuwa pale. Hakuna jaji ambaye angeliweza kulijua 2011, na hakuna mwanafunzi ambaye angepaswa kulijua. Kilichowafikisha ni kwamba walihamia Nairobi.

Arusha kuna kisa cha karibu na hicho. Mwaka 2009, katika shindano hilo hilo la MIT, kipengele cha maendeleo kilichukuliwa na Global Cycle Solutions ya Jodie Wu, mwanafunzi wa uhandisi mitambo aliyekuwa amefika Tanzania kupitia darasa la D-Lab, ambapo wanafunzi hupelekwa vijijini kutengeneza vifaa pamoja na wenyeji. Alibuni mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa nyuma ya baiskeli ya kawaida. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine anaingiza hindi, punje zinadondoka.

Aliyepukuchua gunia kwa vidole gumba anajua malengelenge yake. Wengine wanajaza mahindi mazima kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo, punje zinavunjika, na punje iliyovunjika ikikaa kwenye unyevu inaalika sumukuvu, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kwa hiyo hitaji lilikuwepo, tena la kweli. Wu alihamia Arusha, akaanzisha kampuni. Baadaye kilichoibeba kampuni hiyo kikawa bidhaa nyingine, taa za sola.

Nadhani sababu yake iko kwenye kalenda ya mkulima. Mahindi yanapukuchuliwa wiki chache kwa mwaka. Kununua mashine yako ya wiki chache ni kuifunga fedha ambayo ingelipa ada, na wakati huo huo anapita mwenye trekta na mashine kubwa, anakupukuchulia uwanjani kwako kwa malipo ya kila gunia, asubuhi moja umemaliza. Taa inawaka kila usiku. Kile ambacho kampuni ilikuwa imekijenga kwa ajili ya mashine, yaani mawakala vijijini, njia za kusafirisha na imani ya wanunuzi, ndicho kilichopitisha taa. Ukiuliza shindano la 2009 lilizaa nini, jibu langu ni kwamba lilimhamisha mtu mmoja hodari kutoka Marekani hadi Arusha na kumpa sababu ya kubaki.

Sasa kuhusu fedha, maana ndilo swali la kwanza la wazazi. Zawadi nyingi ni ndogo kuliko zinavyosikika. Milioni ya Hult ni ya timu moja kati ya maelfu ya timu duniani. Jumla ndogo inayogawanywa kwa washindi watano inalipia sampuli ya kwanza na nauli, haianzishi kiwanda. Viza imewahi kuzima ndoto za timu zilizoshinda kila hatua nyingine. Na kuna adui ambaye hatajwi kwenye vipeperushi, ratiba ya chuo. Mmoja anahitimu, wa pili anapata ajira Mwanza, wa tatu anaolewa, wa nne anabaki na sampuli chini ya kitanda. Timu zinazodumu ninazozijua zilikaa chini mapema na kuandika, kwa karatasi na sahihi, nani anabaki akipata kazi, nani anamiliki nini, mtu akiondoka anaondoka na nini. Ni mazungumzo magumu kati ya marafiki, na ni mepesi zaidi kabla hela haijaja kuliko baada.

Pia wanafunzi wananiuliza kama wazo lao litaibwa. Wajue kwamba sheria hailindi wazo tupu. Hulinda uvumbuzi uliosajiliwa kwa hataza (patent), jina la biashara, maandishi na michoro. Tanzania bara usajili wa hataza na majina uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni; Kenya uvumbuzi unapelekwa KIPI, taasisi ya mali ya viwanda. Kama una uvumbuzi wa kweli, wenye sehemu inayofanya kazi kwa namna mpya, uliza kabla ya kuuonyesha jukwaani, kwa sababu kuutangaza hadharani kabla ya kuombea hataza kunaweza kukuharibia. Lakini mawazo mengi yanayokuja kwenye mashindano, mkaa mbadala ukiwa wa kwanza, hayana cha kuibwa. Mkaa mbadala umebuniwa mara elfu. Ambacho hakijabuniwa ni ule ambao mama lishe atauagiza tena Jumatatu.

Na mtu asidhani kwamba wazo la kigeni ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka 2013 Hult Prize ilikwenda kwa Aspire Food Group, wanafunzi wa McGill ya Kanada, kwa mpango wa kufuga wadudu kama chakula cha mijini. Magazeti ya Ulaya yaliandika kwa mshangao. Bukoba hakuna ambaye angeshangaa. Senene wanapotua Novemba watoto wanakesha, na bei yake sokoni inajulikana. Mwanafunzi wa Kagera aliyekua akinyonyoa mabawa ya senene ana ujuzi ambao timu ile ililazimika kuutafuta kwa tiketi za ndege: nani anakamata, wanahifadhiwaje, wanaharibika baada ya siku ngapi, nani anakula na nani hagusi. Akiuandika vizuri, kwa swali lililo wazi na vipimo, anasimama mbele ya jaji yeyote.

Wanafunzi wangu wanne walirudi kwa yule mama baada ya wiki mbili. Hawakuja na mkaa. Walikuja na daftari, wakakaa kwenye benchi tangu alfajiri hadi anaosha sufuria, wakaandika anawasha nini kwa ajili ya nini. Chai inataka moto wa haraka. Wali unataka mkali kisha wa kupalia. Maharage yanataka moto mdogo usiokatika kwa saa tatu, na hapo ndipo alipokuwa akimaliza mkaa mwingi, akiongeza kidogo kidogo huku akikimbizana na wateja.

Mara ya tatu walileta vipande vikubwa zaidi, vizito, na wakamwambia wazi kwamba havifai kwa wali. Akavitia chini ya sufuria ya maharage saa kumi na mbili. Saa tatu alikuwa hajaongeza kitu. Alifunua mfuniko, akabonyeza harage moja kwa kidole, akafunika.

"Niachieni sado mbili," akasema. "Na msiniletee vilivyoloa."